Rangi Isiyochanganywa Mara Mbili

Ungemwuliza Tima binti Mwinyihaji mapenzi yake na Mwidani yalianzia wapi, asingekuonyesha pete wala picha. Angekushika mkono akupeleke chumbani kwake, nyumbani kwa babake pale Bofu, Likoni, akuonyeshe ukuta.

Nyumba nzima ilipakwa nyeupe juu na kijani hafifu chini, kama nyumba nyingine za watu wenye adabu zao. Chumba cha Tima tu ndicho kilichoasi. Kilikuwa buluu, lakini si ile buluu ya bahari ya kwenye kalenda. Ilikuwa buluu nzito iliyoingiwa na majivu, rangi ya anga la masika wakati mvua imeshaamua kunyesha na bado haijaanza. Ukiingia humo mchana wa jua kali, unahisi kama umefunikwa kanga yenye unyevu. Shuka nyeupe ilizidi weupe mbele ya ukuta ule, na taa ya shaba aliyoachiwa Tima na bibi yake, iliyokaa miaka yote kama sufuria tu, ikaanza kung'aa kama ya nyumba ya liwali.

Mwidani aliichanganya uani, kwa kijiti na kwa jicho, Ramadhani ilipokuwa inakaribia na Bi Mwanatatu, mamake Tima, alipotaka nyumba ipendeze. Zamani Mwidani alipaka meli bandarini, na mabaki ya rangi za meli hakuwa mtu wa kuyatupa. Akatia buluu, akatia nyeupe, akatia nyeusi ncha ya kijiti, akatia tone la hudhurungi, akakoroga huku akimtazama Tima badala ya kutazama mkebe, akatia tone jingine. Bi Mwanatatu alikuwa ameketi katikati yao na ungo wa mchele. Siku hiyo mchele ulichaguliwa mpaka ukakosa hata chenga.

"Ikiisha hii, utanichanganyia nyingine?" Tima aliuliza.

"Hata nikilipwa sitaipata tena," alisema Mwidani. "Nimekwenda kwa jicho, na jicho lenyewe halikuwa kwenye mkebe. Rangi hii, bibiye, hakuna mwenye nayo Mombasa nzima ila wewe."

Neno lile ndilo lililomposa Tima, kabla wazee hawajapiga hodi. Bi Mwanatatu akalisimulia nyumba nzima kwa kejeli, akiigiza mpaka macho, na kila aliyesikia alicheka, isipokuwa Mzee Mwinyihaji.

Babake Tima alikuwa mfanyabiashara wa nazi, mtu wa kofia ya viua na maneno ya kupima. Alisimama mlangoni mwa kile chumba akasema kimekuwa kama tumbo la papa. Mkebe uliobaki nusu akauchukua mwenyewe, akasema hautalala chini ya paa lake, anakwenda kuutupa. Na alipoanza kunusa kwamba yule fundi anataka kurudi bila brashi, akamwita bintiye barazani.

"Tima."

"Abee, baba."

"Mpaka rangi ni mtu wa kuogopwa, mwanangu. Huingia nyumba za watu mchana, waume wako kazini. Leo chumba hiki, kesho chumba kile. Na wewe ushaumwa."

Kuumwa kwenyewe kulikuwa hivi: mume wa kwanza wa Tima alikuwa akiaga anakwenda Kilifi kununua korosho, kumbe Kilifi yake ilikuwa mtaa wa pili, na korosho zake zilikuwa na mke na kitanda. Watu wote walijua, akawa Tima wa mwisho. Mzee Mwinyihaji ndiye aliyekwenda kumdai talaka, akamwambia yule bwana mbele ya jamaa zake, "Mwanamume wa kujificha si mwanamume." Tima akarudi Bofu na cherehani yake na azma moja tu. Hatakuwa wa mwisho kujua tena.

Hata hivyo, Mwidani alitumana kwa adabu, akangoja kwa adabu, na Bi Mwanatatu akalainika. Mzee akapandisha mabega. "Waje Ijumaa baada ya Alasiri," alisema. "Lakini jibu atalitoa Tima mwenyewe. Akikataa, sitalia."

Alhamisi yake, Barke akavuka feri.

*

Tima alikuwa akishonea kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, karibu na feri ya Likoni. Mwanamke aliyesimama mbele ya cherehani alikuwa wa makamo ya chini, buibui limeachwa wazi kwa makusudi ili gauni lionekane, ana mwanya na harufu ya udi uliochomwa kwa moyo mmoja.

"Wewe ndiye Tima wa mapazia?"

"Ndimi. Karibu."

"Naitwa Barke, natoka Magongo. Huko kwetu mafundi wapo, lakini wanashona mapazia kama wanashona magunia." Akatoa kwenye kikapu kipande cha ubao, akakiweka juu ya cherehani. "Sebule yangu ni rangi hii. Nataka mapazia yatakayokaa nayo bila ugomvi."

Tima alikitazama kile kipande cha ubao, na mguu wake ukasimama juu ya kikanyagio.

Ndani ya mtoto wa meza alikuwa na kidonge cha uzi wa rangi ya ukuta wake, alichokitafuta maduka yote ya mjini kwa ajili ya mito ya chumbani kwake. Akakitoa polepole, akavuta uzi, akaulaza juu ya ubao. Uzi ukapotea. Akausogeza upande mwingine. Ukapotea tena.

"Rangi nzuri," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimjia kutoka mbali. "Umeinunua wapi?"

Barke akacheka kwa kuona fahari. "Hii hainunuliwi, mwanangu. Kanipakia mwenyewe kwa mikono yake. Kaniambia, Barke, rangi hii hakuna mwenye nayo Mombasa nzima ila wewe."

Mkasi ulianguka. Tima akainama kuuokota, akakaa huko chini muda mrefu kuliko mkasi unavyohitaji.

"Mwenyewe nani?"

"Mume wangu." Barke akasogea, akashusha sauti. "Ndoa yetu haijatangazwa. Mashahidi walikuwapo, halali kabisa, lakini ana jambo lake huku Likoni anataka alimalize kwanza. Ndio maana jina lake silitaji. Wanaume wa Likoni, dada, wana mambo."

"Wanayo," alisema Tima.

Wakakubaliana aende Magongo kesho yake asubuhi kupima madirisha. Barke alimwachia ule ubao, akaondoka akiimba kwa pua.

*

Mwidani alikuja jua limepoa, amenawa kwa mafuta ya taa mpaka mikono yake inanuka kibatari, na tende zimefungwa kwenye gazeti. Akaketi kwenye kigoda cha wateja.

"Leo cherehani inakimbia. Inafukuzwa na nani?"

Tima hakuinua macho. "Kazi yako wiki hii iko wapi?"

"Chaani, kwenye nyumba ya mtu wa reli. Nilikwambia."

"Chaani na Magongo ni jirani."

"Ukipiga chafya Chaani, Magongo wanakuombea rehema." Akacheka. Kicheko chake hakikupata mwenzake, kikanyauka.

"Magongo umeshapaka?"

"Nimepaka duka la nyama. Mwenyewe alitaka nyekundu, damu isimuaibishe. Tima, kuna nini?"

Tima akauweka ubao mbele yake. Alitaka kumwona usoni. Mume wake wa kwanza alikuwa na uso wa kukana, laini kama sahani, na Tima alijua kuusoma baada ya kuwa umeshamla. Wa Mwidani haukufanana na ule. Aliuchukua ubao, akaupeleka kwenye mwanga, akaukwaruza kwa ukucha, akaunusa.

"Hii ni yangu," alisema.

"Umekiri."

"Nimekiri nini? Rangi ni yangu. Mkono si wangu. Aliyepaka hapa hakupiga msasa, na brashi yake ilikuwa inaota manyoya."

"Labda ulikuwa na haraka."

"Tima."

"Uliniambia hata wewe huwezi kuichanganya tena."

"Siwezi."

"Basi hii imetoka mkebe ule ule."

"Imetoka mkebe ule ule."

"Na mkebe ule babangu aliutupa."

Mwidani akatazama zile tende kana kwamba ndizo zilizoulizwa. Macho yake yalikwenda barabarani, yakarudi, yakatua miguuni pake, na Tima akahisi kitu ndani yake kinashuka ngazi moja moja, akikijua kila hatua kwa sababu kilishawahi kushuka.

"Sema," alimwambia.

"Sina la kusema."

"Mwanamke anasema kapakiwa na mumewe wa siri. Mtu wa Likoni, mwenye jambo lake huku. Na maneno aliyoambiwa ni yale yale uliyoniambia mimi uani. Neno kwa neno, Mwidani. Hata hukujitaabisha kubadilisha."

"Wallahi mwanamke huyo simjui."

"Basi nani kampakia?"

Masikio ya Mwidani yalikuwa yamewiva. "Unaniamini au huniamini?"

"Nakuuliza."

"Na mimi nakuuliza."

Walitazamana. Siku nyingine macho yale yangemfanya Tima ashone pindo upande wa kinyume. Siku ile aliyatazama kama atazamavyo kitambaa kwenye duka geni, akitafuta palipofifia.

"Wazee wako wasije kesho," alisema.

Mwidani alisimama. Alitaka kumgusa bega, akakumbuka kuwa wako barabarani mbele za watu, akaurudisha mkono. "Tende usizitupe," alisema. "Hazina kosa."

Akaenda zake. Tima hakuzitupa. Alizila zote, moja moja, kwa hasira, na zilikuwa tamu, jambo lililomwudhi zaidi.

*

Sebule ya Barke ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomwumiza Tima kwanza. Alitamani iwe mbaya, ijae makorokoro na maua ya plastiki, lakini mwanamke yule alikuwa na jicho. Ukuta ule mzito aliuacha upumue. Ayatul Kursiy kwenye fremu ya dhahabu ilining'inia peke yake, sinia la shaba likaegeshwa kwenye kona, viti vikavikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na redio kaseti ikafunikwa kitambaa kama bibi harusi. Rangi ilikuwa ile ile. Tima alisimama katikati ya chumba cha mwanamke mwingine akajiona yuko chumbani kwake.

"Waonaje?" aliuliza Barke. "Mimi nilidhani nitie pazia buluu."

"Usitie buluu. Itazama." Tima alijibu kabla hajajizuia, kazi ilimtoka yenyewe. "Tia rangi ya bizari, nzito, ishuke mpaka sakafuni. Ndani yake lasi nyeupe. Ukuta huu unataka kitu cha kuota moto."

"Ndio maana nikavuka feri," alisema Barke.

Tima akapanda juu ya kiti kupima dirisha. Hapo akauona ukuta kwa karibu. Rangi ilikuwa imetiririka, ikaganda kama machozi. Pembeni mwa fremu mstari ulikwenda kama mlevi, ukapanda mbao, ukashuka, ukajuta. Unywele wa brashi ulikuwa umenaswa humo. Mwidani hupaka ukingo wa dirisha akiwa ameshika pumzi, mstari ukatoka kama umekatwa na wembe. Tima alilijua hilo. Na moyo wake, uliokuwa umekwisha kuhukumu, ukapata jibu upesi: huku macho yake hayakuwa ukutani, yalikuwa kwa Barke.

"Mumeo yuko?" aliuliza, kinywa kimejaa pini.

"Yuaja sasa hivi kuniletea fimbo za pazia. Ijumaa huswali msikiti wa huku. Ijumaa zangu hazikosi." Barke akajitazama kwenye sinia, akarekebisha ushungi. "Si kijana, lakini ana maneno."

Pini moja ilimchoma Tima mdomo. Si kijana. Kabla hajaligeuza neno lile, mlangoni pakasikika kikohozi.

Tima alikijua kikohozi kile tangu tumboni. Ndicho kilichotangulia kila katazo alilowahi kukatazwa.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu, Mwinyi. Fundi yuko ndani."

Mzee Mwinyihaji aliingia na fimbo mbili begani kama askari wa zamani, mkononi kashika nazi zilizofungwa kwa makuti yake. Kofia ya viua imekaa upande, upande wa ujana. Akamwona bintiye juu ya kiti, futi shingoni. Fimbo zikageuka naye, zikapiga ukuta, zikaacha mkwaruzo mweupe.

"Taratibu na ukuta wangu," alisema Barke.

Tima akatema pini kiganjani, moja moja. Akashuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema hatimaye, kama mtu afunguaye kifuniko chenye kutu.

"Mwambie fundi siri ya rangi," Barke alimhimiza. "Tangu jana ananidadisi."

"Rangi ni rangi."

"Leo ana haya. Kwangu katamba wiki nzima kwamba kaichanganya mwenyewe."

"Mashallah," alisema Tima. "Ulitia nini, mzee?"

"Buluu."

"Na nini?"

"Na... nyingine."

"Mimi nilisikia kuna mtu huko Bofu aliiona rangi hii akasema ni ya tumbo la papa."

"Mshamba huyo," alisema Barke. "Au sivyo, Mwinyi?"

"Mshamba," Mzee Mwinyihaji alikubali, kwa sauti ndogo sana.

Tima angeweza kusema. Ulimi ulishapanda. Lakini alimtazama Barke, anavyoupangusa ule mkwaruzo kwa ncha ya leso kama apangusaye shavu la mtoto, akamwona mwanamke aliyeambiwa neno lile lile akaliamini vile vile, na ambaye hata neno lenyewe lilikuwa limeibwa pamoja na mkebe. Akapanda tena juu ya kiti. Likabaki dirisha moja, akalipima.

*

Mzee alimsindikiza mpaka barabarani. Walitembea bila kutazamana, kama watu waliokutana kwa bahati.

"Mamako..." alianza.

"Mama hajui. Na si mimi nitakayemwambia. Utamwambia wewe, kabla hajaambiwa kwenye foleni ya feri."

"Nilikusudia baada ya Idi."

"Idi ipi, baba?"

Mzee akaongeza hatua.

"Ulikwenda kunidaia talaka yangu," alisema Tima. "Ukamwambia yule bwana mwanamume wa kujificha si mwanamume. Sijapata kukupenda kama nilivyokupenda siku ile."

Mzee Mwinyihaji akavua kofia, akaitazama ndani. "Yule alikutesa. Mimi hakuna ninayemtesa."

"Umewauliza?"

Gari la mizigo lilipita likawatia vumbi, wote wawili wakashukuru kupata cha kupangusa.

"Leo wakija wale watu," alisema mzee, "sitakuwa na neno."

"Sikukuomba hilo."

"Najua hukuniomba."

"Wala hawaji. Nimewazuia jana." Tima akasimama njiani. "Mpaka rangi huingia nyumba za watu mchana. Nilikuamini, baba. Nikamtazama mtu wa watu kwa macho uliyoniazima wewe."

Hakungoja jibu. Chaani haikuwa mbali, akaenda kwa miguu, buibui limepeperuka nyuma yake, na kila mpita njia akadhani kuna msiba.

*

Mwidani alikuwa juu ya ngazi, anapaka ukingo wa paa la mtu wa reli. Alimwona, akamaliza mstari wake mpaka mwisho kabla ya kushuka. Tima akasimama anangoja mstari ule, na ulikuwa umenyooka.

"Nimekwenda Magongo," alisema.

"Nimeona vumbi."

"Si wewe."

"Mimi nilijua si mimi."

"Mwidani, siwezi kukwambia ni nani. Usiniulize. Si siri yangu. Nataka uniamini hivi hivi tu, na najua jana wewe ulitaka hilo hilo kwangu, nikakunyima."

Alitazamia kununiwa, na angestahili. Mwidani alichukua kitambaa, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Siku ile mzee alipotoka na mkebe," alisema, "nilikuwa barabarani naosha brashi. Sikumwona akiutupa. Nilimwona akiupakia kwenye gari la nazi, akaufunika gunia vizuri, kama mtu anayemlaza mgonjwa. Nikasema moyoni, labda atapaka banda."

Tima akamkodolea macho. "Ulijua tangu jana."

"Nilidhani. Ulipouleta ubao nikadhani zaidi."

"Nikakutukana, ukanyamaza."

"Ningesema, ungeniamini?"

Tima alifikiri kwa haki. "Nisingeamini. Ningesema unamsingizia babangu ili ujiokoe."

"Na ungeniamini, ndio ningekuwa nimekuvunjia baba kwa mdomo wangu, siku moja kabla ya kumwomba mwanawe. Nikaona afadhali unikasirikie mimi. Mimi utanisamehe, au hutanisamehe, lakini baba unaye mmoja."

Akamtazama. Macho yale yale ya uani, juu ya mkebe. Hapakuwa na Bi Mwanatatu wala ungo, na hata hivyo hakuna aliyesogea hatua. Tima alihisi machozi, akayaelekeza kwenye hasira, hasira ikakataa kuyapokea.

"Wazee wako nimewazuia," alisema.

"Umenizuia mimi. Wao sikuwapa habari." Mwidani akatabasamu kidogo upande mmoja. "Ami Jaffar kavaa kanzu tangu alfajiri. Nani angemwambia avue?"

*

Walikuja baada ya Alasiri, watatu, Ami Jaffar mbele na kanzu yake iliyopigwa pasi mpaka inasimama peke yake. Mwidani, kwa desturi, hakuwa nao. Tima alikuwa chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, ubavuni mwa mamake. Kutoka sebuleni waliisikia sauti ya Mzee Mwinyihaji, na ilikuwa sauti ya ukarimu usio wa kawaida.

"Karibuni, karibuni. Kahawa. Halua. Sogezeni mito."

Bi Mwanatatu aligeuza shingo.

Ami Jaffar alianza hotuba yake. Alikuwa ameitayarisha, ilikuwa na Bismillahi ndefu na ukoo mzima wa Mwidani mpaka mababu wa Tiwi. Hakufika hata kwa babu wa pili.

"Kijana tunamjua," Mzee Mwinyihaji alimkatiza. "Mtu mwema. Mtu wa kazi. Upande wangu sina kipingamizi."

Ami Jaffar, aliyenyang'anywa hotuba, alisikika akitafuta kikombe.

Bi Mwanatatu alitazama mgongo wa mumewe kupitia uwazi wa pazia, kwa utulivu, kama alivyokuwa akitazama mchele. Akamtazama tangu kofia mpaka visigino. Kisha akamgeukia bintiye, na macho yake yakaanza kuchagua upya.

"Juzi yuasema hatalia ukikataa," alinong'ona. "Leo hangoji hata watu wamalize kuomba. Tima, babako kafanya nini?"

"Mama..."

"Nitazame. Kafanya nini?"

Kutoka sebuleni Ami Jaffar akapaza sauti. Mwari hukaa kimya, na kimya chake kikahesabiwa ridhaa. Lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa hana ruhusa ya kunyamaza. Desturi na dini zote mbili zinamtaka aseme kwa kinywa chake, watu wasikie.

"Tima binti Mwinyihaji, umesikia. Umeridhia?"

Mkono wa Bi Mwanatatu ulikuwa juu ya kifundo cha mkono wake, haukubana, haukuachia. Sebule nzima ilikuwa inangoja. Mama naye alikuwa anangoja. Tima akavuta pumzi, akayapeleka macho mbali na uso wa mamake, akainua sauti mpaka ikavuka pazia, ikavuka baraza, na huko nje ukutani, alikojibanza mtu mmoja ambaye kwa desturi hakupaswa kuwapo, ikamfikia nzima nzima.

"Nimeridhia."

Kigelegele cha jirani kikapanda. Sebuleni wakasoma Fatiha. Bi Mwanatatu akainua viganja pamoja nao, akasoma mpaka mwisho, akajipangusa uso kwa utaratibu, halafu akaurudisha mkono pale pale ulipokuwa.

"Amin," alisema. "Hilo umewajibu wao. Langu bado."